Mafundi Redio, Kapasita na Umri wa Vyombo vya Nyumbani Afrika Mashariki

Historia ya utangazaji katika Afrika Mashariki kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata vituo vya matangazo: Nairobi, ambako redio ilianza kusikika mwaka 1928, Dar es Salaam na Unguja, zilizoanza mwaka 1951, Cairo, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na London, ambako BBC ilianzisha idhaa yake ya Kiswahili mwaka 1957. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaishia penye mlingoti wa kurushia mawimbi, ilhali tangazo halijawa tangazo mpaka lipokewe, na chombo cha kulipokea, kilichonunuliwa kwa akiba ya mavuno au ya mishahara ya miezi kadhaa, kilitarajiwa kudumu miaka mingi kuliko sehemu zake dhaifu zilivyoweza kudumu. Aliyeziba pengo hilo ni fundi redio, na kazi yake inaeleweka vizuri zaidi kupitia kipuri kimoja alichokibadilisha mara nyingi, nacho ni kapasita.

Kapasita ni kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi, chenye mabamba mawili ya metali yaliyotenganishwa na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Asili yake ni chupa ya majaribio iliyogunduliwa kati ya mwaka 1745 na 1746 na Ewald Georg von Kleist wa Pomerania na Pieter van Musschenbroek wa Leiden, Uholanzi, kila mmoja kwa njia yake. Na kipimo chake, faradi, kimepewa jina kwa heshima ya Michael Faraday wa Uingereza. Aina iliyowashughulisha mafundi zaidi ni kapasita ya elektroliti, ambayo ndani yake karatasi nyembamba za alumini zimeviringwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kimiminika kinachopitisha umeme, huku utando mwembamba sana wa oksidi juu ya alumini ukiwa ndio kihami. Kazi yake kubwa katika redio na televisheni ni kutuliza mkondo: umeme wa ukutani hubadili mwelekeo mara kwa mara, na baada ya kugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu bado hupanda na kushuka, hivyo kapasita hupokea chaji mkondo unapopanda na kuitoa unaposhuka.

Kimiminika hicho ndicho kinachofanya kapasita izeeke kabla ya sehemu nyingine, kwa kuwa hukauka polepole, na hukauka haraka zaidi penye joto. Kanuni inayofuatwa na wahandisi husema kuwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa takriban nusu. Katika redio za miaka ya 1940 na 1950, zilizotumia vali, yaani taa za kioo za kukuza mawimbi, kulikuwa na udhaifu mwingine, kwani nyingi zilitumia pia kapasita za karatasi iliyopakwa nta, ambazo unyevu uliziingia na kuufanya umeme uvuje kutoka hatua moja ya saketi hadi nyingine, sauti ikakwaruza na vali yenyewe ikaungua kabla ya wakati wake. Kwa hiyo pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ambako joto na unyevu haviachani kwa sehemu kubwa ya mwaka, chombo kilichobuniwa kwa hali ya hewa ya Ulaya kilikuwa na sababu nyingi za kumfikia fundi mapema.

Mafundi wenyewe walitoka njia mbalimbali. Baadhi walijifunza mawasiliano ya redio jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wengine walipitia shule za ufundi kama Taasisi ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoanza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1957. Wengi zaidi walijifunza kwa kukaa karibu na fundi mkubwa, katika maduka ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi au katika vibanda vya mitaani, wakianza kwa kufungua skrubu na kufuta vumbi hadi wakakabidhiwa chuma cha kulehemu.

Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947 na kuenea katika redio ndogo tangu miaka ya 1950, iliiondoa redio kwenye utegemezi wa vali na umeme wa ukutani, lakini haikuiondoa kapasita. Redio ya betri iliyokuwa na kapasita iliyokauka ilitoa sauti hafifu, au ilinguruma kwa vipigo vya mfululizo mithili ya injini ya mashua, hata pale mwenyewe alipoweka betri mpya. Uzito wa tatizo hilo unaonekana wazi katika kampeni za elimu ya watu wazima nchini Tanzania, hususan Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza vipindi vya redio na kujadiliana. Kikundi ambacho redio yake ilikuwa kimya kilikosa somo la juma hilo, kwa hiyo mafanikio ya kampeni hiyo yaliwahitaji watengenezaji wa redio pamoja na watayarishaji wa vipindi.

Ufundi huo ulijaribiwa vikali baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tanzania ilipokosa fedha za kigeni na bidhaa za nje zikaadimika, hadi masharti ya uagizaji yalipoanza kulegezwa mwaka 1984. Redio mbovu kabisa zilichinjwa, yaani zilifunguliwa ili vipuri vizima viokolewe, na kila kapasita iliyopatikana ilipimwa kwanza. Fundi asiye na chombo maalumu alitumia mita ya mshale: aligusisha ncha zake kwenye miguu ya kapasita, na mshale ukiruka kisha ukarudi taratibu, kapasita ilikuwa nzima, ukiruka na kubaki juu, ilikuwa imeshoti, usipotikisika, ilikuwa imekufa. Alipobadilisha, alizingatia kwamba uwezo kwa mikrofaradi ulingane au ukaribiane na ule wa awali, volti zilingane au zizidi, na upande chanya usigeuzwe, kwa sababu kapasita ya elektroliti iliyogeuzwa hupata moto na huweza kupasuka.

Nchini Kenya, kazi za namna hiyo zilipata utambuzi mapema kiasi, pale ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ilipoonyesha kwamba sekta isiyo rasmi ilikuwa na tija na ilistahili kusaidiwa, na tangu miaka ya 1980 serikali ikaiingiza sekta hiyo, iitwayo jua kali, katika sera zake za uchumi. Vibanda vya Luthuli Avenue jijini Nairobi, kama vile vya Kariakoo jijini Dar es Salaam, vikawa mahali pa kuuzia vipuri na kufundishana kazi kwa wakati mmoja.

Televisheni, iliyoanza Kenya mwaka 1962, Zanzibar mwaka 1973 na kushamiri Tanzania Bara kuanzia 1994, ilileta hatari mpya, kwani kapasita kuu ya sehemu yake ya kugawa umeme huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi makini huimaliza chaji hiyo kwa kuipitisha kwenye balbu au rezista kabla ya kugusa bodi, na nidhamu hiyo ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo mwanafunzi hukaziwa.

Kati ya takriban mwaka 1999 na 2007 ubovu wa kapasita ulienea duniani kote, baada ya baadhi ya viwanda, hasa vya Taiwan, kutumia elektroliti yenye mchanganyiko usio imara, ambayo ilizalisha gesi ya haidrojeni na kuzifanya kapasita zivimbe kichwani na kuvuja. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha kompyuta zilizoathirika. Fundi wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuzitafuta kapasita zilizovimba kabla ya kupima kitu kingine, alikuwa na ujuzi uliofaa hasa kwa wakati huo. Ujuzi huohuo ulihamia kwenye ving'amuzi baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na unaendelea kutumika kwenye feni za darini, ambazo huzunguka kwa uvivu au hukataa kuanza kapasita ndogo ya mota inapopungua nguvu.

Leo vyombo vingi vimeunganishwa kwa gundi, na vipuri vyake ni vidogo kiasi cha kuhitaji hadubini na mashine ya hewa ya moto, hali inayomfanya mnunuzi atupe chombo kizima kwa sababu ya sehemu ya bei ndogo. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba umri wa chombo haukuamuliwa kiwandani peke yake, bali pia mezani kwa fundi. Kwa sababu hiyo vyuo vya ufundi vinastahili kuufundisha ujuzi huu kama elimu kamili, na wanahistoria wa utangazaji wanapaswa kuyakusanya masimulizi ya mafundi wazee wakati wangali hai, kwa kuwa bila mafundi hao wasikilizaji wengi wanaohesabiwa katika historia hiyo wasingekuwa na cha kusikilizia.