SEHEMU YA 4: KIBERITI, TAYA LA MSICHANA NA SIKU ZAKO 84 ZA UZAZI

 

Wiki iliyopita mama mmoja aliniuliza: "Dada nesi, kila mwezi nakatwa hela ya chama cha wafanyakazi. Hivi kinanisaidia nini?" Swali zuri. Mimi mwenyewe nakatwa, na kuna miezi nimenung'unika kama yeye. Ila jibu lake ni refu, tuanzie mbali kidogo.

Twende London, mwaka 1888. Mtaa wa Bow, mashariki mwa jiji, kuna kiwanda cha viberiti cha Bryant & May. Wafanyakazi ni wanawake na wasichana, wengine bado watoto kabisa. Kipindi cha joto wanaingia saa 12 na nusu asubuhi, wanatoka saa 12 jioni, wamesimama karibu siku nzima.

Mshahara sasa. Binti wa miaka 16 alikuwa anapata shilingi 4 za Kiingereza kwa wiki, na shilingi 2 zinaishia kwenye kodi ya chumba. Halafu kuna faini. Miguu michafu, faini. Chini ya meza yako pachafu, faini. Kuongea, faini. Faini ya peni 3 unaweza kuiona ndogo, lakini piga hesabu: shilingi moja ilikuwa peni 12, kwa hiyo binti huyu alipata kama peni 8 kwa siku. Miguu michafu tu, zaidi ya theluthi ya siku imeondoka!

Lakini mimi kama nesi kinachoniuma zaidi ni ugonjwa. Njiti zilichovywa kwenye dawa yenye fosforasi nyeupe, ambayo ni sumu. Wasichana hawakuwa na chumba cha kulia, walikula mkate wao palepale kazini, mikono na hewa vyote vina sumu. Mvuke wake uliingia kupitia jino bovu ukashambulia mfupa wa taya. Inaanza kama maumivu ya jino ya kawaida. Kisha shavu linavimba, usaha unatoka, mfupa unaoza mtu akiwa hai. Harufu yake iliwafanya hata ndugu washindwe kukaa naye chumba kimoja. Tiba iliyokuwepo ilikuwa kukata taya, na wengi walikufa.

Mwezi Juni mwaka huo, mwandishi Annie Besant alianika hayo yote gazetini. Wakubwa wa kiwanda wakaleta karatasi: wafanyakazi watie saini kwamba habari zile ni za uongo. Wakagoma kusaini. Mwanzoni mwa Julai mwenzao mmoja akafukuzwa, na hapo wakaweka kazi chini. Walioacha kazi walifika kama 1,400.

Hebu jiweke pale, mama. Huna akiba. Kodi inadaiwa. Nje ya geti kuna watu wanaitaka kazi yako. Ungekuwa peke yako, si ungesaini tu ukaendelea? Hapo ndipo penye siri yote. Kumfukuza mmoja ni kazi ya dakika moja. Kufukuza 1,400 ni kufunga kiwanda.

Baada ya wiki mbili hivi kampuni ikakubali: faini zifutwe, kiwe na mahali pa kulia mbali na sumu, waliogoma warudi kazini. Wakaunda chama chao cha wanawake. Mwaka uliofuata wabeba mizigo wa bandari ya London nao wakagoma na kushinda.

Sitawadanganya kwamba mambo yote yaliisha. Fosforasi nyeupe haikuondoka siku ile. Nchi kadhaa zilikubaliana kuipiga marufuku mwaka 1906, na Uingereza marufuku ikaanza 1910. Zaidi ya miaka 20! Haki huwa inakuja kwa awamu.

Sasa turudi kwako. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilifanya mkutano wake wa kwanza Washington, Marekani. Wanawake wa vyama vya wafanyakazi walikutana mji huohuo siku hizohizo, wakadai likizo ya uzazi. Mkutano ukapitisha mkataba: wiki 6 kabla ya kujifungua, wiki 6 baada, na muda wa kunyonyesha kazini.

Wiki 12 ni siku ngapi? Ni 84. Ndizo hizohizo zilizo kwenye sheria yetu ya kazi Tanzania ya mwaka 2004: siku 84 zenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Ukirudi kazini unanyonyesha, una haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Baba naye ana angalau siku 3. Kwa hiyo hizo siku sio huruma ya bosi, kuna watu walizidai.

Lakini kliniki nakutana na mama ana mtoto wa wiki 6, maziwa yamejaa kifuani, anawahi kazini. Nikimuuliza likizo, anasema, "Mimi kibarua tu, nikisema nitatolewa." Hajui sheria, na hata akijua yuko peke yake. Sheria iliyo kwenye karatasi haiwezi kuongea na bosi, inahitaji watu nyuma yake.

Kwa hiyo dada yangu uliyeuliza: jibu langu ni nusu. Chama ni wewe. Kama viongozi wenu wamelala, nenda kwenye mkutano uwaulize hela inaenda wapi. Kulipa ada na kukaa kimya ni kama kununua chandarua ukakiacha kabatini.

Na kama una mimba sasa hivi, mjulishe mwajiri kwa maandishi angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, na nakala ubaki nayo.

Sehemu ya 5 tutaongea kukamua na kuhifadhi maziwa ukiwa kazini. Mtumie hii mwenzio mjamzito anayeogopa kuomba likizo.