Filamu ya Thor: tuipime kwa kipimo gani?

Umeiona filamu ya Thor ya mwaka 2011 kwenye kibanda cha video? Basi huenda umesikia ubishi kwamba imeharibu hadithi ya kale. Thor alikuwa mungu wa radi wa watu wa Skandinavia kabla ya Ukristo, na masimulizi yake mengi yaliandikwa Iceland karne ya 13. Humo ana ndevu nyekundu na gari linalovutwa na mbuzi wawili. Nyundo yake ilipoibwa na jitu, alivalishwa kama bibi harusi ili akaichukue. Kwenye filamu hii hayo yote hayamo.

Mimi siihukumu kwa hilo. Nauliza: mabadiliko yameleta nini? Katika masimulizi, Loki ni ndugu wa kuchanjiana damu na Odin, baba yake Thor. Filamu imemfanya mtoto wa maadui, aliyelelewa na Odin bila kuambiwa asili yake. Anapogundua na kumkabili mzee kwenye chumba cha hazina, hakuna ngumi wala moto, na hapo ndipo filamu inapokushika. Mwongozaji, Kenneth Branagh, alishazoea tamthilia za Shakespeare, inaonekana.

Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 150. Lakini lile pigano na jitu la chuma katika mji mdogo wa Marekani, ni kelele na vumbi tu. Kama bando lako linatosha kipande kimoja, chagua cha Loki na Odin.