Mabega ya Reeves, mapaja ya Grimek

Tarehe 14 Septemba 1901, Arthur Conan Doyle aliketi ndani ya ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kazi yake ikiwa ni kukagua miili ya wanaume. Mwezi mmoja kabla, jarida la The Strand lilikuwa limeanza kuchapisha The Hound of the Baskervilles kwa mfululizo, na sidhani kama walikosekana watu waliokuja kumwona yeye kuliko kuona vifua. Jaji mwenzake alikuwa Sir Charles Lawes, mchonga sanamu. Wa tatu alikuwa mwenye shughuli mwenyewe, Eugen Sandow, mzaliwa wa Königsberg aliyetajirika kwa kuonyesha nguvu zake majukwaani.

Sandow alikuwa ametangaza mapema kwamba mwenye misuli mikubwa kuliko wote si lazima ashinde. Walichotafuta ni mwili uliokua kwa uwiano, juu na chini, pamoja na afya na hata hali ya ngozi. Akashinda William Murray wa Nottingham. Nikisoma masharti yale namsikia kabisa mwalimu wa gym anayewafokea vijana wetu kwa kufundisha kifua Jumatatu, kifua Jumatano, na Ijumaa kifua tena.

Ila tazama nani walikuwa majaji. Mtunzi wa hadithi, mchonga sanamu, na mfanyabiashara wa urembo wa mwili. Washindani hawakuulizwa wananyanyua kilo ngapi. Uwiano wenyewe ulipimwa kwa jicho, na jicho lile lilikuwa na mambo yake. Mwaka huohuo jumba la makumbusho ya viumbe la London lilichukua umbo la mwili wa Sandow kwa plasta, liwe kielelezo cha Mzungu kamili. Ndiyo, umesoma sawasawa. Uingereza ilikuwa vitani na Makaburu, ina wasiwasi na vijana wadhaifu waliokuwa wakijitokeza kuandikishwa jeshini, na mwili uliolingana pande zote ukawa habari ya dola na ya rangi ya ngozi. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kufanya mazoezi ya mwili mzima ni busara na kuchagua misuli ni majivuno, namwambia ngoja kwanza. Historia haikugawanyika kirahisi hivyo.

Mchukue Steve Reeves, yule wa filamu ya Hercules ya mwaka 1958. Reeves alikwepa kwa makusudi kufundisha misuli inayoshuka kutoka shingoni kwenda mabegani. Hoja yake: ikinenepa, mabega yanaonekana yameteremka na membamba. Ukimuuliza mwalimu yeyote wa leo atakwambia hilo ni kosa la mtu wa kioo. Lakini Reeves hakuwa mvivu wa kuruka siku ya miguu. Alitaka shingo, mkono na ndama wa mguu viwe na kipimo kimoja, na kwake kipimo hicho kilikuwa zaidi kidogo ya sentimita 46. Aliukwepa msuli mmoja *kwa ajili ya* uwiano. Huko Los Angeles, Vince Gironda, aliyefungua gym yake mwaka 1948 na baadaye kuwafundisha waigizaji wa Hollywood, alikwenda mbali zaidi: hakutaka wanafunzi wake wachuchumae na chuma mabegani, kwa madai kwamba zoezi hilo linapanua nyonga na makalio na kuua umbo la V. Zoezi ambalo wengine waliliita mfalme, yeye alilifukuza.

Sasa njoo London tena, mwaka 1948, kwenye shindano la Mr. Universe. Reeves ana miaka 22, uso wa sinema, kiuno chembamba. Mbele yake yuko John Grimek, miaka 38, mnyanyua vyuma aliyeiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Grimek alikuwa amechukua taji la Mr. America mwaka 1940 na 1941, wakubwa wa mchezo wakaamua kwamba aliyewahi kushinda asirudi tena, maana wengine wangengoja mpaka lini? Mapaja mazito, mgongo mzito, hakuna alichokwepa. Kusimama wote wawili walisimama vizuri. Inasimuliwa kwamba tofauti ilikuja Grimek alipoanza kutembea: akasimama kwa mikono, akamalizia kwa kupasua msamba. Mzee mwenye misuli ile! Taji likaenda kwake.

Hapo ndipo mimi ninapoiona tofauti. Grimek alishinda si kwa kuwa hakujali sura (nani kasema hakujali? alipanda jukwaani na chupi kama wenzake). Alishinda kwa kuwa mwili wake uliombwa ufanye jambo ukalifanya. Picha iliyotulia haiwezi kuomba hivyo. Reeves aliufikiria mwili kama unavyoonekana umesimama, na sinema ikampa haki: mabega yale yalijaza skrini, na vijana wengi walianza kunyanyua vyuma kwa sababu yake.

Kwetu Dar es Salaam skrini imekuwa ndogo zaidi. Kwenye gym ninayokwenda, kioo kinaanzia kiunoni. Sijui fundi aliishiwa vioo au fedha, lakini matokeo yake unayaona: foleni kwenye benchi la kifua, na kule kwenye mashine ya miguu kumeanikwa mataulo. Dada mmoja pale ana shida ya upande wa pili, anafanya miguu tu, mabega hagusi, kaambiwa na shangazi zake ataonekana kama baharia. Wote wawili, yeye na kaka wa kifua, wanafundisha kile ambacho mtu fulani atakitazama. Siwacheki. Nami kioo nakitazama.

Hata Socrates alitazama tumbo lake. Kwenye karamu aliyoiandika Xenophon, karne ya 4 kabla ya Kristo, mzee anasema anataka kujifunza kucheza ngoma, wageni wanaangua kicheko. Anajitetea kwamba hataki kuwa kama mkimbiaji wa mbio ndefu, miguu minene na mabega membamba, wala kama bondia, mabega manene na miguu myembamba. Kisha anakiri kwamba tumbo nalo limezidi, angependa lipungue. Mchekeshaji mmoja pale anamtania kwamba ukimpima juu na chini kama mikate mbele ya wakaguzi wa soko, hatozwi faini. Na Charmides anasimulia kwamba alfajiri moja alimkuta Socrates anacheza peke yake, akadhani kapata wazimu. Akasikiliza maelezo yake, akarudi nyumbani, na kwa kuwa ngoma hakuijua, akaanza kurusha mikono.