Kutoka Chuoni hadi Jukwaani: Mtoto na Ushairi wa Kiswahili

Katika miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, hasa Pate, Siyu, Lamu na Mombasa, ushairi haukuwa somo la peke yake kwa mtoto, bali aliupata humo humo alimofundishwa kusoma, kuandika na kumcha Mungu. Chuoni, yaani katika shule ya Kurani, alianza kwa kutamka herufi za Kiarabu kwa sauti pamoja na wenziwe, akaziandika ubaoni, akazifuta na kuziandika tena, na kabla hajaelewa maana ya aya alizohifadhi, sikio lake lilikuwa limekwisha kuzoea vina na vituo vya pumzi. Zilipofika siku za Maulidi, wanachuo walishiriki kuimba kasida mbele ya watu wazima, na nyumbani mtoto alisikia tenzi zikighaniwa, yaani zikisomwa kwa mahadhi, mara nyingi na wanawake.

Hati yenyewe ilidai kwamba kusikia kutangulie kusoma. Herufi za Kiarabu, ambazo ndizo zilizotumika kuandikia Kiswahili kwa karne kadhaa, hazikuwa na alama za baadhi ya sauti zake, kama vile p na ch, wala irabu zake hazikutenga e na i, au o na u, kwa hiyo msomaji aliyeushika muswada bila kuwahi kuusikia ukighaniwa alikuwa na kazi kubwa ya kukisia. Mpangilio wa maandishi ulimsaidia kidogo: ubeti wa utenzi, wenye vipande vinne vya mizani (yaani silabi) nane nane, aghalabu uliandikwa wote katika mstari mmoja, na kwa kuwa hati hiyo huenda kutoka kulia kwenda kushoto, kina cha kipande cha nne, kisichobadilika tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, kilijipanga wima kwenye ukingo wa kushoto kama safu ya nguzo.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unaonyesha jinsi kusikia, kuandika na kuhifadhi vilivyofungamana. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alikuwa mgonjwa alipomtungia binti yake, Mwana Hashima, wasia wa dini na maisha ya ndoa, na mwanzoni mwa utendi anamwita asogee na wino na karatasi ili ayaandike maneno ya mama yake. Mengi yamesemwa kuhusu mafunzo ya utii yaliyomo, na pengine machache mno kuhusu jambo hili la wazi, kwamba mama anachukulia kuwa binti anaijua kalamu.

Shule za kikoloni zilileta mpango mwingine. Herufi za Kilatini, zilizotiliwa mkazo na serikali ya Kijerumani na kisha na Waingereza, zilimwezesha mtoto wa bara, asiyewahi kukaa chuoni, kusoma shairi kimya kimya, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, likawapa watunzi uwanja uliovuka mipaka ya miji yao. Shaaban Robert, aliyesomea Dar es Salaam katika miaka hiyo ya 1920, aliendeleza wasia wa mzazi kwa kumtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu kilichoeleza sheria za kutunga mashairi, na hivyo yale ambayo mwanafunzi aliyapata kwa kukaa karibu na mtunzi yakaanza kupatikana kwa kufungua kurasa.

Sauti ilirudi shuleni kwa nguvu baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mathias Mnyampala, mshairi kutoka Dodoma, aliendeleza ngonjera, yaani ushairi wa majibizano ambamo pande mbili hubishana hadi upande mmoja ukubali hoja za mwenzake, na mkusanyo wake, Ngonjera za UKUTA, ulitoka mwaka 1970, baada ya yeye kufariki. Ngonjera ilifaa sana kwa watoto: ilihitaji wahusika wengi, haikuhitaji vifaa, na iliwafunza kuzungumza mbele ya umati bila woga. Hata hivyo, kwa kuwa ilikusudiwa kueneza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, jibu lake lilijulikana kabla ya mabishano kuanza, na aghalabu mwalimu ndiye aliyetunga huku mwanafunzi akikariri. Ujamaa ulipofifia, ngonjera zilihamia kwenye afya, mazingira na mahafali ya darasa la saba, lakini mgawanyo huo wa kazi, wa mwalimu mwenye kalamu na mtoto mwenye sauti, haukubadilika sana.