Kalibu na Sura: Habari za Wasubu Shaba wa Kongo

Uko mchezo mmoja uliowashika watu wengi huko Japani, Ulaya na Marekani, wala si mchezo wa watoto tu. Mtu huchonga sanamu ndogo kwa udongo laini au kwa nta, au huchukua mwanasesere aliyetoka kiwandani. Humweka katika kisanduku na kummwagia silikoni, yaani kitu kizito kama uji ambacho kikiganda huwa kama mpira. Halafu humtoa, na mahali pale hubaki shimo lenye sura yake yote: jicho, kidole, hata mkunjo wa nguo. Hiyo ndiyo kalibu. Kisha huchanganya rezini ya chupa mbili na kuimimina upesi kabla haijashika. Baada ya muda si mrefu amepata sanamu ya pili, na ya tatu, na ya kumi. Lakini hapo ndipo kazi inapoanza. Mwenye kuupenda mchezo huu hukata kichwa hiki akakitia juu ya mwili ule, huongeza kofia, hugeuza mkono, hupaka rangi, mpaka sanamu iliyotoka kiwandani haimjui tena baba yake.

Sisi wa Bel-Air, na wa Kampemba yote, tukisikia habari hizi twaweza kudhani ni mambo ya watu wenye fedha nyingi na nafasi nyingi. Rezini na silikoni ni vitu vipya, ni kweli. Bali kufanya kalibu, kumimina, na kuibadili sura ya kigeni iwe ya kwetu, hayo ni ya zamani sana katika Kongo, na tungependa wasomaji wetu wayajue.

Tuanze na hapa hapa Katanga. Zamani sana kabla ya mji huu kujengwa mwaka 1910 na kuitwa Elisabethville, watu wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha shaba. Basanga walikuwa mafundi wake, na baadaye Wayeke, watu wa Msiri aliyetoka upande wa Unyamwezi akatawala Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekwisha. Walitafuta malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mpaka leo mafundi wa Lubumbashi hulichonga na kuwauzia wageni. Tanuru walilijenga kwa udongo wa kichuguu, maana udongo huo hauogopi moto. Walitia makaa na mawe, wakavuta mivukuto, na shaba ikashuka chini. Kisha waliiyeyusha tena ili iwe safi, wakaimimina katika kalibu.

Kalibu yenyewe ilikuwa shimo tu lililochorwa ardhini au katika mchanga, wazi juu, lenye umbo la msalaba wa mikono minne iliyo karibu sawa. Shaba ikipoa, fundi aliitoa, na huo ndio msalaba wa Katanga. Mikubwa ilikuwa mizigo ya kweli; mingine yafika kilo moja. Kwa misalaba hiyo watu walinunua vitu, walitoa mahari, walilipa deni. Ilitembea mbali sana na machimbo yake.

Wengine huuliza kama msalaba huo ni alama ya Bwana wetu. Sivyo. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wataalamu mwaka 1957 na 1958, misalaba ya shaba ilionekana pamoja na wafu waliozikwa kabla ya Mkristo wa kwanza kufika Kongo. (Wamonaki Wabenedikto waliokabidhiwa misheni ya Katanga mwaka 1910 walitoka abasia ya Mtakatifu Andrea, karibu na Bruges, na msalaba wa Mtakatifu Andrea huchorwa kama herufi X, mfano wa ule wa shaba. Tunalitaja kwa kuwa latupendeza, si kwa kuwa lathibitisha neno lo lote.) Katika makaburi hayo hayo wataalamu waliona neno jingine: kadiri miaka ilivyopita, misalaba ilizidi kuwa midogo na kufanana. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa inakuwa fedha, na fedha haipendi kubadilika. Msalaba wa leo ukiwa mwingine na wa jana mwingine, nani ataupokea sokoni?

Basi, fundi wa Katanga alisifiwa kwa kufananisha. Ili tumwone fundi anayebadili, lazima twende upande wa pili wa nchi yetu, magharibi, katika ufalme wa Kongo.

Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, na mwanawe Afonso akaieneza dini kwa nguvu nyingi. Mapadre na wafanya biashara walileta misalaba yenye sanamu ya Yesu, iliyosubiwa Ulaya. Watu waliitaka mingi kuliko ile iliyoletwa na meli. Wasubu wa Kongo wakaitazama ile ya kigeni, wakafanya kalibu zao, wakamimina shaba ya njano. Nayo mara nyingi ilikuwa shaba iliyonunuliwa kwa Wazungu wenyewe, ikayeyushwa upya. Kama wangeishia hapo, tungesema wamenakili vizuri, basi. Lakini hawakuishia hapo.

Tazama misalaba yao iliyohifadhiwa leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Uso wa Yesu ni uso wa Mkongo. Mikono na miguu mara nyingi imepanuliwa, mbavu zimekuwa mistari iliyopangwa vizuri. Na juu ya mikono ya msalaba, au juu na chini yake, wameketi au kupiga magoti watu wadogo waliofumba viganja. Ni akina nani? Wataalamu wabishana. Wengine wasema ni waombaji, wengine ni watakatifu, wengine ni wazee waliokufa. Fundi wa Ulaya alizoea kumweka Mama Maria au Mtakatifu Yohane karibu na msalaba. Fundi wa Kongo alichukua mahali pale pale akaweka watu wake. Misalaba hiyo waliiita Nkangi Kiditu. Wakuu waliirithishana kama alama ya cheo, na pengine watu waliitumia kwa mambo ambayo padre asingeyakubali. Hilo nalo ni kweli, wala si haki kulificha. Lakini kwa maoni yetu, mtu hahangaiki kubadili uso wa sanamu isiyomhusu. Aliyempa Yesu uso wa ndugu zake alikuwa ameanza kuelewa neno kubwa.

Turudi Katanga. Hapa kazi ya kusubu ilikatika ghafula. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru lake la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Mwaka 1926 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari ndefu juu ya wale walioitwa wala shaba. Lakini aliyoyaeleza yalikuwa kazi ya wazee walioifanya tena ili aione, si kazi ya kupata chakula. Msalaba wenyewe ukabaki kuwa picha: mwaka 1961 serikali ya Katanga iliyojitenga iliutia juu ya fedha zake, na bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu. Shaba tangu hapo imetoka kwetu kwa tani maelfu na maelfu, haina sura, na wanasesere wamekuja kwetu katika makontena, wana sura tayari. Watoto hawakukubali kukaa bure. Walikunja nyaya wakafanya motokaa zenye usukani mrefu. Na wako mafundi wanaoyeyusha aluminiamu ya vyuma vikuukuu na kuimimina katika mchanga ili kufanya sufuria. Hao ndio ndugu wa karibu wa wasubu wa zamani, ingawa hakuna anayewaita hivyo.

Kijana atakayejaribu rezini afahamu kwamba hewa yake ni mbaya kifuani na maji yake huudhi ngozi: afanye kazi nje, avae glavu, na watoto wakae mbali. Mwenye kuogopa gharama aanze kwa jivu la plasta na kalibu ya udongo.

Na anayetaka kuona kazi ya kwanza ya nchi hii aende makumbusho ya Lubumbashi, aombe kuonyeshwa misalaba ya shaba. Upande mmoja ni laini kuliko mwingine, kwa kuwa ulilala juu ya kalibu. Upande wa pili una mikwaruzo na mapovu yaliyoganda. Huo ndio uliokuwa ukitazama juu, kwa fundi, wakati shaba ilipokuwa ikipoa.