Shilingi Mia na Kahawa ya Butura

Bibi yangu wa Kamachumu hakuelewa kabisa mwanamke anafuata nini mahakamani kudai hela ya kulea. Kwa Wahaya wa zama zake mtoto alikuwa wa ukoo wa baba. Wazazi wakiachana, alirudi kwenye kibanja, yaani shamba la migomba, cha baba. Cory na Hartnoll, walioandika mila zetu mwaka 1945, waliikuta hata bisisi: mwanamume wa kwanza kulala na mwanamke baada ya kujifungua aliweza kumdai mtoto atakayefuata, japo mama ameshaolewa na mwingine! Kwenye mabaraza watu waligombania mtoto ni wa nani. Nani atamlisha, lilikuwa jambo dogo.

Mkoloni akaleta sheria ya mwaka 1949 kwa watoto wa nje ya ndoa. Neno la mama peke yake halikutosha. Lilihitaji ushahidi wa kuliunga mkono. Na kiasi kilikuwa na ukomo: shilingi 100 kwa mwezi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliwabana waliooana, lakini ile mia ilidumu vitabuni hadi Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta. Nilipokuwa karani wa mahakama Muleba miaka ya tisini, mia haikununua mkungu mmoja wa ndizi.

Sheria ya 2009 haitaji kiasi, na hapo nasema ilifanya vyema. Kifungu cha 44 kinamtaka hakimu apime kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Ubaba nao unaweza kuthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, sherehe ya kimila aliyofanya baba, kukiri kwake hadharani, au vinasaba.

Shida ni kwamba baba wa huku hana hati ya mshahara. Ukimuuliza kipato: “Mimi mkulima tu, mheshimiwa.” Kibanja? Cha ukoo. Kahawa? Imeshauzwa kwa butura, ingali mtini. Ndiyo maana ripoti ya afisa ustawi wa jamii kwa mahakama ina thamani pale tu alipofika mwenyewe shambani, akaihesabu mibuni na kuuliza chama cha msingi kilipokea magunia mangapi.

Mama unayekwenda kufungua shauri, usibebe malalamiko matupu. Beba cheti cha mtoto, stakabadhi za shule na zahanati, na mashahidi waliomwona baba akipima kahawa.