Tarehe ya Farasi wa Kiarabu na Nasaba Yake

Mabedui wa Najd, katikati ya Arabuni, walipoulizwa asili ya farasi wao, hawakuanza kwa kumtaja dume. Walimtaja jike aliyemzaa, kisha mama wa jike yule, wakapanda hivyo mpaka kwenye shina la ukoo. Kwa desturi hiyo zilijulikana koo 5 mashuhuri, nazo ni Kuhailan, Saklawi, Abayan, Hamdani na Hadban, na kila mtoto, awe dume au jike, alirithi ukoo wa mamaye. Majike ndiyo waliyoyaenzi zaidi, kwa kuwa yalikuwa na utulivu na hayakulia ovyo usiku wa shambulio yakawazindua maadui. Farasi alipouzwa, wazee waliandika hujja ya nasaba yake na kuitia muhuri mbele ya mashahidi, wakimshuhudisha Mwenyezi Mungu. Na aliyesema uongo juu ya uzazi wa farasi alivunja heshima yake na ya kabila lake.

Kwa umbo farasi huyu si mkubwa, kwani kimo chake mabegani aghalabu ni kati ya sentimita 145 na 155. Lakini uso wake uliobonyea kidogo chini ya macho, pua zake zinazopanuka anapohema, shingo yake iliyopindika kama upinde na mkia anaouinua akimbiapo, humtambulisha mara moja. Baadhi yao wana mbavu jozi 17 na pingili 5 za kiuno, ilhali farasi wengine kwa kawaida wana 18 na 6, na mgongo huo mfupi humsaidia kubeba mtu mwendo mrefu. Jangwa ndilo lililomlea: malisho yalikuwa haba na visima vilikuwa mbali, akanyweshwa maziwa ya ngamia na kulishwa tende, na usiku wa baridi au wa hatari akaingizwa hemani karibu na watoto, ndipo akawa mpole kwa watu wake na mvumilivu wa kiu na safari.

Sifa zake zilivuka bahari zamani. Msafiri Ibn Battuta, katika karne ya 14, alitoka Kilwa akafika Dhofar, kusini mwa Arabuni, akaona farasi wakipakiwa kwenda India, ambako wafalme waliwahitaji kwa majeshi yao. Waarabu wa Oman waliwaleta Unguja pia. Lakini bara yetu ya Afrika Mashariki, yenye mbung'o na maradhi, haikuwapa maisha. Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alipompeleka mjumbe wake Ahmad bin Naaman New York katika merikebu Sultana, miongoni mwa zawadi zake kwa Rais Van Buren wa Marekani walikuwamo farasi 2 wa Kiarabu.

Huko Uingereza damu hiyo ilikuwa imekwisha kuingia: dume aliyenunuliwa Aleppo na kufikishwa huko mwaka 1704, aitwaye Darley Arabian, ndiye babu wa farasi wengi mno wa mashindano wa leo kwa upande wa baba. Naye Abbas Pasha, aliyetawala Misri toka 1848 hata 1854, aliwatuma watu kwa Mabedui wakanunue farasi na kuziandika nasaba zao kutoka vinywani mwa wenyewe. Baada ya kufa kwake farasi wale walitawanyika, na baadhi ya vizazi vyao vikafika mikononi mwa Mwingereza Lady Anne Blunt, ambaye pamoja na mumewe Wilfrid walianza mwaka 1878 kuwakusanya farasi wa Kiarabu huko Crabbet Park, Uingereza.

Leo farasi huyu hutangulia katika mashindano ya masafa ya kilomita 160 kwa siku moja, na Oman bado huchezewa ardha, wapanda farasi wakienda mbio sambamba mbele ya umati. Madaftari ya uzazi na vipimo vya vinasaba vimeshika mahali pa kiapo. Hata hivyo hakuna daftari ambalo lingekuwa na la kuandika kama wachungaji wale, wengi wao wasiojua kalamu, wasingaliona ya kuwa kusema kweli juu ya mnyama ni sehemu ya dini na muruwa; kwao ndiko iliko sharafu ya farasi wa Kiarabu.